Helgeland kwa gari-nyumba: Steinkjer hadi Lofoten, kivuko baada ya kivuko

Barabara ya Fv17 huanzia Steinkjer, katikati ya Norwei, na kufuata pwani, pamoja na ile ya Helgeland, hadi karibu na Bodø, kaskazini ya Mstari wa Aktiki. Ni kilometa 650 hivi. Mwenye haraka hupita E6, barabara kuu ya bara, na kufika kwa siku moja ndefu. Huku pwani haiwezekani, kwa kuwa bahari imeikata barabara mara 6, na kila penye mkato pana kivuko. Anayepanga safari hii kwa kilometa atachelewa kila siku. Panga kwa ratiba ya vivuko, kilometa zitajipanga zenyewe.

Maelezo haya yametolewa kwenye daftari la njiani na picha za simu. Gari lilikuwa la kukodi: Fiat Ducato yenye vitanda, jiko na choo ndani, urefu mita 6.99, kimo karibu mita 3, uzito wa juu kilo 3,500. Vipimo hivyo si vya kujaza karatasi tu. Uzito ndio unaoruhusu leseni ya daraja B, urefu ndio bei ya kivuko, na kimo ndicho kinachoamua utapangwa mstari gani sitahani. Viandike kwenye kikaratasi ukibandike juu ya usukani. Urefu uupime pamoja na rafu ya baiskeli ya nyuma, maana mabaharia hupanga magari kwa sentimita.

Kwa anayetoka nyumbani: leseni isiyo ya Ulaya, kama ya Tanzania au Kenya, inakubalika kwa hadi miezi 3, lakini wakodishaji wengi huulizia pia kibali cha kimataifa cha udereva. Kibebe. Kwa hesabu ya haraka ya kichwani, zidisha kroner, fedha ya Norwei, kwa 12 upate shilingi za Kenya, au kwa 250 upate za Tanzania.

Siku ya 1, Alhamisi: Steinkjer – Namsos – Holm – Vennesund

Jaza kila kitu Steinkjer: dizeli, maji safi, chakula cha siku tatu. Dizeli ilikuwa karibu kroner 20 kwa lita na gari hili hula lita 11 kwa kilometa 100. Namsos ni mji wa mwisho wenye maduka makubwa kabla ya Brønnøysund. Baada ya hapo ni misitu ya misonobari, mashamba ya nyasi na daraja moja moja, karibu kilometa 200 kwa jumla hadi gati la Holm.

Aliyezoea Likoni au Kigamboni atatafuta kibanda cha tiketi na hatakiona. Gatini kuna mistari iliyopigwa rangi chini na ubao wa ratiba, basi. Unaingia mstari, unazima injini, unangoja. Kamera husoma namba ya gari na bili hufuata baadaye. Siku hizi abiria hawalipi. Kinacholipiwa ni gari, kwa madaraja ya urefu: hadi mita 6, kisha mita 6.01 hadi 8, kisha 8.01 hadi 10, na kuendelea. Ukipita mita 6 bei inaruka, haipandi taratibu. Kwa hiyo ukiwa bado unachagua gari la kukodi, lile fupi la mita 5.99 litakuokoa fedha kwenye kila kivuko, ingawa ndani utabanana.

Njia za kulipa ni tatu. Ukiwa na kifaa cha AutoPASS kiooni, makato huenda kwenye akaunti yake. Ukijiandikisha kwenye programu ya FerjePay kwa namba ya gari na kadi ya benki, kila uvukaji unakatwa kwenye kadi. Usipofanya lolote, bili humfuata mwenye gari. Ya gari la nje ya Norwei hutumwa kupitia huduma ya malipo ya Epass24, na ya gari la kukodi humwendea mkodishaji, ambaye mara nyingi huongeza ada yake ya usumbufu. Muulize kabla ya kuchukua ufunguo kama gari lina kifaa hicho, na kimeandikishwa kwa jina la nani.

Ratiba zote ziko kwenye programu ya Entur. Zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 0610 ni saa 12 na dakika 10 asubuhi, na 1930 ni saa moja na nusu jioni. Angalia pia vialama vidogo vya siku, kwa sababu ratiba ya Jumamosi na Jumapili huwa na safari chache.

Holm hadi Vennesund ni dakika 20 hivi. Baharia mwenye fulana ya kung'aa hutoa ishara kwa mkono, na ishara yake ndiyo sheria. Magari madogo hupelekwa pembeni, chini ya sitaha ya juu. Marefu kwenda juu, yakiwemo malori na magari-nyumba, hupangwa katikati. Ukisimama: hendibreki, gia ya kwanza au P, taa zizimwe. Vennesund kuna kambi hatua chache kutoka gatini. Kambi nyingi za njia hii zilitoza kroner 350 hadi 450 kwa usiku pamoja na umeme, na bafu la maji ya moto hulipiwa pembeni, kroner 10 au 20 kwa dakika chache.

Siku ya 2, Ijumaa: Vennesund – Torghatten – Brønnøysund – Horn

Sømna ni tambarare ya mashamba na kondoo barabarani. Kabla ya Brønnøysund pinda kushoto kwenda Torghatten, mlima wa mita 258 wenye tundu linalopenya upande hadi upande. Tundu lina urefu wa mita 160, kimo mita 35 na upana mita 20. Wenyeji husimulia kwamba Hestmannen, jitu mpanda farasi, alimkimbiza binti wa kisiwa cha Leka, akakasirika na kumrushia mshale. Mfalme wa Sømna akatupa kofia yake kuuzuia, mshale ukaitoboa, jua likachomoza na wote wakageuka mawe. Wanajiolojia nao wanasema enzi ya barafu uzito wa barafu uliikandamiza nchi, bahari ikawa juu zaidi ya ilivyo leo, na mawimbi yakaitafuna sehemu dhaifu ya mwamba. Barafu ilipoyeyuka nchi ikainuka na tundu likabaki huko juu. Kwa miguu kutoka maegeshoni ni nusu saa ya kupanda. Mawe huteleza yakilowa, na ndani ya tundu upepo ni mkali hata siku tulivu, kwa hiyo beba koti.

Brønnøysund ina kituo cha kumwaga maji machafu. Hili linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo linalowashinda wageni. Gari-nyumba lina matangi matatu: maji safi (lita 100 hivi), maji ya sinki na bafu (kiasi hicho hicho), na tangi la choo la lita 17 hadi 20 ambalo hutolewa kwa mlango wa nje kama sanduku. Watu wawili hulijaza kwa siku tatu. Kituo chenye bango la *Tømmestasjon* kina shimo la choo, wavu wa maji ya sinki na mabomba mawili. Bomba la kusuuzia tangi la choo lina rangi au alama tofauti. Usilitumie kujaza maji ya kunywa, hata kama mpira wake ni mrefu zaidi. Ukimaliza kusuuza, weka dawa ya tangi na lita mbili za maji kabla ya kulirudisha. Vituo vingi ni vya bure au vya kroner chache. Kumwaga maji ya sinki kichakani ni aibu, na wenyeji hawakai kimya wakikuona.

Chakula cha mchana kilikuwa supu ya samaki, kroner 220 kwa bakuli, nzito kwa krimu, na mkate juu. Bei ya mgahawani itakuuma kila mara. Dukani mkate ni kroner 40, mikate ya samaki iliyokwisha kupikwa huuzwa kwa pakiti, na viazi ni rahisi. Wengi hupika ndani ya gari jioni na kununua supu mara moja moja.

Gati la Horn liko kilometa 15 hivi kaskazini mwa mji. Hapo hapo huondoka pia kivuko cha visiwa vya Vega, vilivyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004 kwa sababu ya ufugaji wa bata wa mwituni ambao watu waliwajengea vibanda ili wakusanye manyoya yao laini. Angalia bango la mstari kabla ya kusimama, maana vivuko viwili hutumia gati moja, na mstari wa Vega hautakufikisha Bodø.

Siku ya 3, Jumamosi: Horn – Anndalsvågen – Forvik – Tjøtta – Sandnessjøen

Leo vivuko ni viwili na kati yake kuna kilometa 17 tu za barabara nyembamba. Cha kwanza ni dakika 20. Cha pili, Forvik hadi Tjøtta, huchukua karibu saa nzima na safari zake kwa siku ni chache. Kwa sababu hiyo kila gari linaloshuka Anndalsvågen hukimbilia Forvik kwa msururu. Kabla ya kukimbia, tazama ratiba. Vikiwa vimeunganishwa kiratiba, nenda na msururu bila kumpita mtu, maana nafasi hupatikana kwa zamu ya kufika. Visipounganishwa, waache wapite. Utawakuta wote gatini wakila biskuti.

Vilikuwa havikuunganishwa. Kwenye maegesho ya Vevelstad mzee mmoja mwenye trekta aliona kifuniko cha tangi la maji kimefunguliwa, akaenda ghalani na kurudi na mpira wa maji wa mita 30 begani. Hakutaka malipo. Alitaka kujua gari linakula dizeli kiasi gani, na jibu lilipomfikia akatikisa kichwa kwa huruma. Forvik kwenyewe kuna nyumba za zamani za biashara kando ya gati na mahali pa kukaanga kahawa. Saa mbili za kungoja ziliishia hapo bila malalamiko.

Kwa kivuko kirefu, fanya haya kabla ya kupanda. Funga koki ya gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Friji inayotumia gesi ihamishie kwenye umeme wa betri au uizime. Ikiwa imejaa na mlango haufunguliwi ovyo, saa moja haiiathiri. Funga madirisha ya darini. Sufuria ziingie kabatini na kabati lifungwe kwa kitufe chake. Mwisho, zima kengele ya wizi ya ndani: mtikisiko wa meli huiamsha, nayo italia sitahani nzima nawe uko juu unakunywa chai.

Tjøtta kuna makaburi ya wafungwa wa vita wa Kisovieti, zaidi ya 7,000, na pembeni yake ya waliokufa kwenye meli ya Rigel. Meli hiyo ilikuwa ya Norwei, imetwaliwa na Wajerumani na kubeba wafungwa, na ndege za Uingereza ziliishambulia tarehe 27 Novemba 1944 bila kujua waliomo. Walikufa watu wapatao 2,500. Maegesho yapo, hakuna kiingilio. Mbele kidogo, Alstahaug, kuna jumba la makumbusho la Petter Dass (1647–1707), padri na mshairi aliyeiandika pwani hii kwa beti. Jengo la mwaka 2007, limepenyezwa kwenye mwamba uliokatwa kwa misumeno.

Siku ya 4, Jumapili: Sandnessjøen

Mvua kutwa. Safu ya milima ya Dada Saba, ambayo kilele chake kirefu kina mita 1,072, ilikuwa ndani ya mawingu hadi jioni.

Jumapili maduka makubwa ya Norwei hufungwa kwa sheria. Hufunguliwa vijiduka vidogo tu na vituo vya mafuta, na bei zake zinajua kwamba huna pengine pa kwenda. Nunua Jumamosi.

Jambo la gesi linafaa kuelezwa hapa. Mitungi ya nje haibadilishwi Norwei, na wa kujaza mtungi wa kigeni ni wachache sana kaskazini. Gari lililokodiwa Norwei huja na mtungi wa kienyeji unaobadilishwa kituo chochote cha mafuta. Anayekuja na gari lake kutoka Ujerumani au Uholanzi aje na mitungi miwili iliyojaa. Majira haya ya joto kilo 11 huwatosha watu wawili wiki mbili au zaidi wakipika kila siku, ilmradi kipasha joto kisiwashwe usiku kucha.

Siku ya 5, Jumatatu: Sandnessjøen – Levang – Nesna – Kilboghamn – Jektvik

Kutoka mjini unapanda daraja la Helgeland, mita 1,065, lililofunguliwa 1991. Ni zuri na lina upepo wa ubavuni. Gari la kimo cha mita 3 lisukumwapo na upepo hutaka mikono miwili na mwendo wa chini, hasa ukitoka nyuma ya nguzo, ambapo upepo unaokuwa umezibwa hurudi kwa ghafla. Levang hadi Nesna ni dakika 25.

Baada ya Nesna barabara huzunguka fyodi (mkono wa bahari unaoingia kati ya milima) ya Sjona. Simama Hellåga: ngazi zinashuka hadi majini, choo ni safi, na mbele yako ni maji na milima hadi macho yachoke. Karibu na Stokkvågen kuna ngome ya Grønsvik, mizinga na mahandaki ya Wajerumani ya vita ya pili, wazi kwa yeyote.

Kilboghamn ndipo pa kuchelewa. Samaki wa kufugwa aina ya salmoni husafirishwa kwa malori kwenye njia hii hii, na lori moja hula nafasi ya magari madogo manne. Kivuko kilijaa magari matatu mbele ya letu. Hakuna wa kulaumiwa wala wa kubembelezwa: unaongezewa saa mbili za kungoja. Mwenye gari fupi nyuma yetu aliitwa na kupita, kwa kuwa pengo la mwisho sitahani lilikuwa la mita tano. Usikasirike ukiona hivyo. Baharia anajaza mapengo. Ukiwa na gari refu, fika angalau dakika 45 kabla, Julai zaidi ya hapo, na uwe na chakula kilichopikwa tayari. Gatini kulikuwa na familia ya Bodø iliyoweka jiko dogo kwenye mawe na kuchoma soseji. Wakagawa kwa msururu mzima, kila gari mbili.

Uvukaji ni karibu saa moja, na katikati yake unaingia Aktiki, nyuzi 66 na dakika 33 kaskazini. Mstari huo hausimami. Kwa kuwa mhimili wa dunia hubadilisha mwinamo taratibu, husogea kaskazini karibu mita 14.5 kila mwaka, kwa hiyo alama za ukumbusho zilizojengwa nchi kavu zote zinaachwa nyuma. Upande wa magharibi huonekana Hestmona, kisiwa cha mlima: ndiye yule mpanda farasi aliyerusha mshale wa Torghatten.

Usiku uliishia kwenye maegesho ya kando ya barabara, upande wa Jektvik. Hapa panahitaji kueleweka vizuri. Haki ya kila mtu kutembea na kupiga kambi nyikani inahusu hema: mita 150 kutoka nyumba yenye watu, na usiku mmoja au miwili mahali pamoja. Haimhusu mwenye gari. Gari haliruhusiwi kutoka barabarani na kuingia nyasini. Kulala kwenye maegesho ya kando ya barabara kunaruhusiwa pale tu ambapo hakuna bango la kukataza, na mabango yanaongezeka.

Siku ya 6, Jumanne: Jektvik – Ågskardet – Forøy – Svartisen

Kilometa 28, kisha kivuko cha mwisho na kifupi kuliko vyote, dakika 10. Maji yalikuwa yamepwa. Kwenye pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa ni mita mbili hadi tatu wakati wa bamvua, na rampu ya gati huinama kuifuata. Gari-nyumba refu lina mkia mrefu nyuma ya magurudumu. Magurudumu ya mbele yakianza kupanda kutoka kwenye mwinamo, mkia hushuka na kukwaruza chuma. Mbele yetu gari la mita 7.5 liliacha kipande cha plastiki na taa ya rafu ya baiskeli. Dawa yake: mwendo wa mtu atembeaye, usukani ulionyooka, mguu usikanyage breki ghafla kwenye kiungo cha rampu, na tangi la maji ya sinki liwe tupu ili nyuma pawe pepesi. Ukiona mwinamo ni mkali mno, mwambie baharia. Hukuwekea mbao chini ya magurudumu, na hufanya hivyo bila kukucheka.

Fyodi ya Holand ndiyo sehemu ya kutumia siku nzima. Svartisen ni barafuto (mto wa barafu) la pili kwa ukubwa Norwei bara, na ulimi wake mmoja, Engabreen, hushuka kuelekea baharini. Acha gari upande wa barabara, panda boti ndogo ya abiria, dakika 10 hadi 15, kisha kilometa 3 za njia tambarare kwa miguu au baiskeli ya kukodi hadi ziwani. Barafu yenyewe imerudi nyuma sana juu ya miamba. Picha za zamani zilizobandikwa gatini zinaonyesha ilikokuwa. Usikaribie chini ya ukingo wake, maana vipande huanguka bila ishara. Chini ya ulimi huo, ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwa ajili ya umeme wa maji, kuna maabara iliyo chini ya karibu mita 200 za barafu, na watafiti hutoboa barafu kwa maji ya moto ili kuifikia kutoka chini. Mgeni haingii.

Usubi huanza mwisho wa Juni penye maji yaliyotuama na siku isiyo na upepo. Wavu wa kawaida wa dirisha la gari hauwazuii wote. Zima taa za ndani kabla ya kufungua mlango.

Siku ya 7, Jumatano: Svartisen – Ureddplassen – Saltstraumen – Bodø

Handaki la Svartisen lina kilometa 7.6, limefunguliwa 1986, baridi na lenye giza. Ukitoka joto la nje, kioo cha mbele huota ukungu sekunde chache baada ya kuingia. Washa feni ya kioo kabla.

Ureddplassen, Gildeskål, ni choo cha umma ambacho watu husafiri kukiona: ukuta wa zege uliopindwa kama wimbi, vioo vyenye mwanga, viti vya marumaru, bahari mbele. Kipo tangu 2018, na mahali hapo hukumbuka nyambizi ya Uredd iliyopotea na mabaharia wake mwaka 1943. Maegesho hujaa saa nne asubuhi, na kulala hapo hakuruhusiwi.

Saltstraumen usifike tu, fika kwa saa yake. Mlango huu wa bahari una urefu wa kilometa 3 na upana wa mita 150, na kila saa 6 hupitisha mita za ujazo milioni 400 za maji, kwa kasi inayotajwa kufika noti 20, yaani kilometa 37 hivi kwa saa. Maji yakisimama kati ya kujaa na kupwa ni bwawa, na mgeni hujiuliza sifa zimetoka wapi. Nyakati za mkondo hubandikwa kambini na huchapishwa mtandaoni. Chagua siku za mwezi mwandamo au mpevu, yaani bamvua, uwahi nusu saa kabla ya kilele, usimame chini ukingoni. Juu darajani utaona vizingia vya maji tu. Chini ukingoni utasikia maji yananguruma. Hapo kula *møsbrømlefse*: mkate laini kama chapati, uliokunjwa na mchuzi mtamu wa jibini ya kahawia. Mmoja unatosha watu wawili.

Bodø: dizeli, kituo cha kumwaga, duka kubwa. Kuanzia Juni 4 hadi Julai 8 jua halizami hapa. Pazia za gari zifungwe zote, pamoja na la darini, la sivyo saa tisa usiku utaamka ukidhani umechelewa kivuko.

Siku ya 8, Alhamisi: Bodø – Moskenes

Kivuko hiki cha kwenda visiwa vya Lofoten si cha fyodi. Ni karibu kilometa 100 za Vestfjorden, bahari wazi, saa tatu na robo hadi nne. Safari zinazopitia visiwa vya Værøy na Røst huwa ndefu zaidi. Sehemu ya nafasi huwekwa mapema mtandaoni, nyingine ni ya anayewahi. Kwa Julai weka mapema. Kuna mistari miwili gatini, ya waliohifadhi na ya wasiohifadhi. Ukikosea mstari, nafasi yako uliyohifadhi haitakutafuta.

Abiria hushuka magarini, kwa hiyo beba mapema dawa, koti na chakula. Dawa ya kichefuchefu humezwa saa moja kabla ya kuondoka; ukingoja hadi tumbo lichafuke, haikai. Kaa katikati ya meli, sitaha ya chini, utazame mstari wa upeo. Tangawizi ya kutafuna husaidia kiasi. Ndani ya gari mlango wa friji ndio mkosaji wa kwanza mawimbi yakija: mayai yetu sita yalivuka hadi Lofoten yakiwa sakafuni.

Siku ya 9 na 10: Moskenes – Å – Svolvær – Lødingen

Kutoka gati la Moskenes ni kilometa 5 hadi kijiji cha Å, ambako barabara ya E10 huishia. Majukwaa ya miti yaliyosimama kila kijiji ni ya kukaushia chewa wa kaskazini (cod). Samaki hao huja kutaga kuanzia Januari hadi Aprili, huanikwa mwisho wa baridi na kuteremshwa Juni wakiwa wagumu kama kuni. Chumvi haitumiki, baridi na upepo hufanya kazi yote. Mwili huuzwa sana Italia, na vichwa vilivyokaushwa hupelekwa Nigeria, ambako ni kiungo cha mchuzi. Siku hiyo ya Ijumaa majukwaa mengi yalikuwa matupu, yamebaki ya vichwa, na harufu yake hushika nguo.

Vijiji vya Reine na Hamnøy vina picha nzuri na maegesho machache. Madaraja ni membamba, mengine ya zamu, na maegesho mengi hulipiwa kwa kamera: ukiingia umesomwa, na usipolipa kwa programu bili hufuata na nyongeza. Mtu na gari la mita 7 apite Reine kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa mbili usiku. Mwanga upo vilevile. Leknes ina maduka na kituo cha kumwaga. Borg kuna nyumba ya chifu wa Viking iliyojengwa upya, mita 83 kwa urefu, na maegesho ya kutosha hata mabasi.

Lødingen hadi Bognes ni saa moja, kivuko kikubwa na cha mara kwa mara, hakuna haja ya kuhifadhi nafasi. Kisha E6 kusini hadi Trondheim, kama kilometa 800, siku mbili za usukani na mvua.

Mwaga tangi la choo kituo cha mwisho kabla ya kurudisha gari na upige picha likiwa tupu. Ada ya kusafishiwa huzidi bei ya usiku mzima kambini, na bili za vivuko zilizochelewa ziliendelea kuingia kwa wiki kadhaa, kila moja na namba yake ya uvukaji. Zilinganishe na tarehe za daftari kabla ya kulipa.